Kuhamia mkoani: Nafuu ya kusafirisha vyombo iko kwenye lori linalorudi tupu

BARUA ya uhamisho kwa kawaida haizidi ukurasa mmoja, lakini huweza kumwachia anayeipokea deni la miaka miwili. Mwalimu wa Temeke anayetakiwa kuripoti Sumbawanga, muuguzi wa Mwanza aliyepata nafasi Mtwara, au mstaafu wa kiwandani jijini Dar es Salaam anayerejea kwao Bukoba baada ya miaka 30, wote hukabiliwa na swali lilelile: vyombo vitafikaje?

Vyombo vyenyewe havina bei kubwa sokoni. Ni kitanda cha mninga, kabati, jokofu, seti ya makochi, cherehani, televisheni, na magunia machache ya nguo na masufuria. Hata hivyo, ndivyo vilivyokusanywa kidogo kidogo kwa mishahara ya miaka mingi, na anayevipoteza huanza maisha upya akiwa amekwisha kuchoka. Kwa hofu hiyo, wengi hukodi lori zima kwa fedha za mkopo na kufika kituo kipya wakiwa na makochi yao pamoja na riba ya kulipa.

Njia za nafuu zipo, na nyingi zinajulikana vyema na wafanyabiashara wa mazao kuliko wafanyakazi wa ofisini. Msingi wake ni mmoja. Bei ya kusafirisha mzigo nchini haipangwi na kilometa peke yake, bali hupangwa pia na upande ambao mizigo mingi inaelekea siku hiyo. Anayehama kwa kufuata upande uliojaa mizigo hulipa bei kamili, na anayehama kwa kufuata upande wa malori yanayorudi matupu hupata nafasi ya kupatana.

Lori lililokwisha kushusha

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa barabara ni kilometa zipatazo 830. Mtu anapokodi Fuso mahususi kwa safari hiyo, halipii kilometa hizo tu. Mwenye gari hajui kama atapata mzigo wa kurudi nao, hivyo huingiza katika bei yake mafuta ya kwenda na kurudi, posho ya dereva na utingo kwa siku zote watakazokuwa njiani, na uchakavu wa matairi. Mpangaji wa Mbagala anayehamia Mbeya hujikuta amelipia safari ya kilometa 1,660, nusu yake ikiwa ni ya gari lisilobeba kitu.

Hesabu hugeuka kabisa kwa lori lililotoka Mbeya na viazi au mchele. Hilo limekwisha kulipwa kwa safari ya kuja. Likikosa mzigo wa kurudi, litapanda Kitonga likiwa tupu na mafuta yatatoka mfukoni mwa mwenyewe. Akitokea mtu mwenye kitanda, jokofu na magunia sita, karibu kila shilingi atakayotoa ni faida, ilimradi haizidiwi na gharama ya kupakia na kuchelewa. Ndipo mteja anapopata nguvu ya kushusha bei, kwa sababu anayeshindana naye katika mapatano hayo ni lori tupu, si mteja mwingine.

Malori ya namna hiyo hupatikana kwenye masoko ya vyakula kuliko kwenye ofisi za makampuni. Jijini Dar es Salaam, ndizi na viazi hushushwa Mabibo, soko ambalo wenyeji wamelibandika jina la Mahakama ya Ndizi. Nafaka huingia Tandale na Manzese, na mboga na matunda huenda Temeke Stereo. Magari mengi hushusha usiku au alfajiri, na dereva aliyemaliza kushusha saa 12 asubuhi hana sababu ya kukaa jijini akilipia chakula na maegesho. Kwa hiyo, anayetafuta nafasi hufanya vyema kufika mapema na kuuliza magari yametoka wapi kabla ya kuuliza bei. Lori lenye viazi vya Njombe litarudi Njombe. Lenye ndizi za Tukuyu litapita Iringa, Makambako na Mbeya, na linaweza kushusha mzigo popote katika njia hiyo.

Pale sokoni wapo madalali wa malori. Hawakwepeki kirahisi, na si wote wabaya, kwa kuwa dalali mzoefu anawafahamu madereva kwa majina na anajua gari lipi lilikwama wiki iliyopita. Lakini malipo yake huwekwa juu ya bei ya lori, na mara nyingi hapendi mteja azungumze na dereva peke yake. Swali la kumuuliza ni moja tu: katika fedha hizo, kiasi gani ni cha gari na kiasi gani ni chake?

Kwa anayehama kutoka mikoani kuja Dar es Salaam, mkondo mwingine wa kutazama ni ule wa bandari. Shehena ya nchi jirani hutoka bandarini kila siku. Malori ya njia ya Tunduma mara nyingi hurudi na shaba ya Zambia na Kongo, lakini yale yanayokwenda Rwanda na Burundi aghalabu hurudi bila mzigo wa maana, yakipita Kahama, Nzega, Singida na Dodoma. Mtumishi wa Singida anayehamia Kibaha anaweza kupata nafasi hapo. Jambo la kuangalia ni namba za usajili. Lori la nchi jirani haliruhusiwi kubeba kwa malipo mizigo ya kutoka mkoa mmoja wa Tanzania kwenda mwingine, na likikamatwa vyombo vya watu hubaki kando ya barabara.

Msimu nao una bei yake

Malori hufuata mavuno. Mahindi ya Rukwa na Ruvuma yanapovunwa katikati ya mwaka, magari mengi hupanda kwenda kuyafuata, na mengine hupanda bila mzigo. Anayehamia Songea au Sumbawanga katika miezi hiyo huwa na bahati ambayo hatakuwa nayo mwezi Machi, wakati maghala yamepungua na barabara za vijijini zimelowa. Kwa Mtwara na Lindi, msimu wa korosho unaoanza takriban Oktoba huvuta magari kuelekea kusini. Pamba ya Simiyu na Shinyanga, inayoanza kununuliwa katikati ya mwaka, hufanya vivyo hivyo kwa kanda ya ziwa.

Kinyume chake ni Desemba. Katika wiki mbili kabla ya Krismasi, kila kinachotembea kuelekea Moshi na Arusha hujaa watu, mbuzi, magodoro na mapipa ya zawadi, na bei ya kifurushi hupanda pamoja na ugumu wa kupata tiketi. Mwajiri anayemtaka mtumishi aripoti Januari mosi huenda hana habari kwamba amemchagulia wakati ghali kuliko wote. Pale inapowezekana, mtumishi hutangulia na begi na godoro dogo, na vyombo humfuata mwishoni mwa Januari.

Kuna pia njia ya kuchangia lori. Uhamisho wa watumishi huja kwa makundi, na si ajabu walimu wanne wa wilaya moja kupelekwa mkoa uleule. Vyombo vya nyumba ya vyumba viwili havijazi Fuso, hivyo familia mbili au tatu zaweza kugawana gari moja. Ugomvi huzuka kwenye mgawanyo wa malipo. Haki ni kugawana kwa nafasi ambayo kila mmoja amechukua ndani ya bodi, si kwa idadi ya vitu wala kwa ukubwa wa mshahara, na makubaliano hayo yafanyike kabla ya kupakia. Anayeshuka wa mwisho apakie wa kwanza. Jambo hili dogo likisahaulika, makochi ya mtu hushushwa na kupakiwa tena mara tatu njiani.

Mzigo wa pembeni wa dereva

Nafuu hii ina shimo lake. Dereva wa lori linalorudi anaweza kupokea vyombo bila mwenye gari kujua na kutia fedha mfukoni. Mteja hufurahia bei, na safari nyingi za namna hiyo huisha salama. Gari likipinduka au mzigo ukiibwa, mwenye gari husema hakumtuma mtu kubeba makochi, na kwa kuwa hakuna karatasi, mteja hana pa kushika. Simu moja kwa mmiliki kabla ya kupakia huondoa utata huo. Dereva anayekataa kutoa namba ya tajiri wake amekwisha kujibu swali.

Jambo la pili ni mizani. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa jumla ya gari na mzigo wake, na kila ekseli ina kiwango chake. Vyombo vya nyumbani ni vyepesi na peke yake haviwezi kulifikisha gari huko. Hatari ipo pale vinapopandishwa juu ya lori lililokwisha kujaa saruji. Gari likikutwa limezidi kwenye mizani ya Vigwaza mkoani Pwani, mzigo wa ziada hutakiwa kupunguzwa, na si vigumu kukisia ni mzigo wa nani ulio juu na rahisi kushushwa.

Reli

Kwa mzigo mzito usio na haraka, treni bado ni njia ya kufikiriwa. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na tawi lake la Tabora hadi Mwanza lililokamilika mwaka 1928, zilijengwa kwa ajili ya mizigo. Kwa mtu wa Urambo, Kaliua au Uvinza, kituo cha reli kiko karibu kuliko stendi kubwa ya mabasi. Upande wa kaskazini, treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa miaka mingi, na mwaka 2020 ikafika Arusha.

Anayetaka kutumia reli anapaswa kufahamu kwamba nchi ina reli za vipimo vitatu tofauti. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA milimita 1,067, na ile ya kisasa, SGR, milimita 1,435. Behewa la moja haliingii kwenye nyingine. Mzigo unaotoka Tabora kwenda Mbeya kwa reli ni lazima uhamishwe njiani, na kila unapohamishwa kuna wapakiaji wa kulipwa na kioo cha kabati cha kuombewa. TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, huwafaa zaidi wanaokwenda Ifakara, Mlimba, Makambako, Mbeya na Tunduma, lakini safari zake za abiria zimekuwa zikisitishwa na kurejeshwa mara kwa mara katika miaka ya karibuni. Ni vyema kwenda stesheni na kuuliza tarehe ya treni kabla ya kumwaga mwenye nyumba.

SGR ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata. Imefupisha safari ya mtu, na anayehamia Dodoma anaweza kwenda nayo asubuhi akapokee vyombo vinavyokuja kwa lori. Jokofu halikai kwenye behewa la abiria.

Gharama inayosahaulika katika reli ni ile ya ncha mbili. Kutoka nyumbani Gongo la Mboto hadi stesheni kunahitaji kirikuu au guta, na kutoka stesheni ya mwisho hadi nyumba mpya kunahitaji gari jingine. Lori huchukua mlangoni na kushusha mlangoni. Anayelinganisha bei bila kuongeza safari hizo fupi mbili hulinganisha vitu visivyofanana.

Basi na posta

Basi lina thamani kwa vitu vidogo vyenye uzito au thamani: televisheni iliyo katika boksi lake, cherehani, kompyuta, vyombo vya udongo, vyeti. Karibu kila kampuni ya mabasi ya mikoani ina dirisha la vifurushi, na kwa Dar es Salaam mengi yamehamia Kituo cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021 na kuchukua nafasi ya Ubungo. Tangu serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, kifurushi kilichopokelewa jioni huweza kuwa Mbeya au Singida kesho yake asubuhi.

Buti la basi, hata hivyo, halikuumbwa kwa ajili ya makochi. Bei yake hupangwa kwa macho ya karani, na kitu kipana hulipiwa kama dhahabu. Mtungi wa gesi na jenereta lenye mafuta havipaswi kuingia kabisa katika gari lenye abiria, hata kama kondakta atakubali. Mwenye mzigo anayesafiri katika basi hilohilo hupata nafuu, kwa kuwa kila abiria ana kiasi cha mzigo kisicholipiwa. Familia ya watu watano inayosafiri pamoja ina haki ya mizigo ya watu watano, jambo ambalo wengi hulisahau na kuweka magunia yote kwa jina la baba.

Posta imebaki kimbilio la vitabu na nyaraka. Ofisi zake zipo hata kwenye wilaya ambazo basi zuri halifiki, na kila kifurushi hupewa namba ya kukifuatilia iwapo kimetumwa kwa EMS. Ukomo wa uzito unaotumika katika nchi nyingi kwa EMS ni kilo 30, hivyo maktaba ya mwalimu itagawanywa katika maboksi kadhaa. Kwa mtu mwenye maboksi manne ya vitabu na hana samani, kulipia posta ni nafuu kuliko kumwomba mwenye lori nafasi na kisha kulilinda lori hilo.

Kwa wanaokwenda Bukoba

Mkoa wa Kagera una njia yake. Mzigo waweza kufika Mwanza kwa lori au reli, kisha ukavuka ziwa kwa meli. Mv Victoria ilirejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Kwa miaka mingi faida ya meli ilikuwa kukwepa foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi. Faida hiyo imepungua tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilometa tatu, kwa sababu lori sasa huvuka kwa dakika chache na kuendelea Geita, Biharamulo hadi Bukoba bila kushusha kitu. Meli hubaki na maana kwa mtu ambaye vyombo vyake tayari viko Mwanza mjini.

Kipi kiende, kipi kibaki

Kabla ya kutafuta gari, kazi ya kwanza ni kupunguza. Usafirishaji hutoza kimoja kati ya viwili: uzito au nafasi, kile kilicho kikubwa. Kwa ndege, kwa mfano, urefu, upana na kimo kwa sentimeta huzidishwa na kugawanywa kwa 6,000 ili kupata kilo za kutozwa. Godoro la futi tano kwa sita lenye unene wa sentimeta 20 huwa na vipimo vya takriban sentimeta 152 kwa 183 kwa 20, na kwa hesabu hiyo hutozwa kama kilo 93 wakati mtu mmoja hulibeba kichwani bila taabu. Boksi la vitabu la sentimeta 40 kwa 40 kwa 30 ni kilo nane tu kwa nafasi, ilhali kwenye mizani laweza kuzidi kilo 30.

Mwenye lori la viazi hana kikokotoo hicho, lakini jicho lake hufanya hesabu ileile. Kwa hiyo godoro kuukuu, makochi ya sponji iliyokwisha na meza ya plastiki ni vitu vya kuuza au kumwachia jirani. Magodoro huuzwa kila mji. Kitanda cha mninga, jokofu zima, cherehani na baiskeli hustahili nauli yake. Kipimo chepesi ni kuuliza bei ya kitu hicho kikiwa kipya kule uendako, kutoa bei utakayouzia hapa, kisha kulinganisha tofauti hiyo na nauli ya nafasi yake katika lori. Kabati kubwa la mbao laini hushindwa mtihani huu karibu kila mara. Kabati la urithi halimo katika hesabu hii, na hakuna haja ya kulibishania.

Kuuza kuna uchungu wake, kwa sababu anayehama huuza akiwa na haraka na wanunuzi wanajua. Aliyepewa mwezi mmoja aanze wiki ya kwanza. Anayesubiri siku mbili za mwisho hupokea bei atakayotajiwa na mnunuzi aliyekuja na mkokoteni tayari.

Kufunga

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, na kwa mtu anayehama hilo halikuwa hasara kubwa, kwani ilikuwa ikipasuka kabla ya Chalinze. Viroba vya salfeti vilivyotumika kubebea mchele au sukari ni imara, ni rahisi, na hushonwa mdomo kwa sindano ya gunia. Visijazwe lumbesa. Kiroba kinachobebwa na mtu mmoja hupakiwa kwa utaratibu, na kile kinachohitaji watu watatu hurushwa.

Kitanda na kabati vifunguliwe, skrubu zitiwe kwenye kopo na kufungwa kwenye ubao husika. Vyombo vya udongo vifungwe kwa nguo, maana nguo zinasafiri vilevile na hazilipiwi mara mbili. Jokofu lisafiri limesimama. Likilazwa, mafuta ya kompresa huweza kuingia kwenye mabomba, na likifika lisimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Turubai likaguliwe kwa macho, si kwa maneno ya utingo, hasa miezi ya mvua. Majina na namba ya simu viandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila kipande, na orodha ya vipande iandikwe mara mbili, nakala moja ibaki kwa mwenye mali na nyingine isainiwe na dereva.

Mbao zisizo samani pamoja na mkaa ni suala jingine. Hayo ni mazao ya misitu na yanahitaji hati ya kusafirishia kutoka kwa maofisa wa misitu. Mtu anayepitisha gunia tatu za mkaa chini ya makochi ili asinunue huko aendako anaweza kuzuiliwa gari zima, na wenzake waliochangia lori watalala njiani kwa ajili yake. Nakala ya barua ya uhamisho iwe na dereva, kwa kuwa hueleza haraka ni kwa nini gari limebeba vyombo vya nyumba.

Nani analipa kikiharibika

Stika ya bima iliyobandikwa kwenye kioo cha lori huwatuliza wengi bila sababu. Bima ya lazima ni ya madhara kwa watu wengine barabarani, na haigusi shehena iliyo ndani ya bodi. Shehena hulindwa na bima ya mizigo iliyo safarini, ambayo ni mkataba wa pekee. Malori machache ya mazao huwa nayo. Anayetuma vitu vya thamani kubwa aulize kampuni ya bima bei ya kinga ya safari moja, na asiyeweza abebe vitu hivyo mwenyewe: vyeti, kompyuta, dhahabu ya mke na fedha. Hivyo havina nafasi kwenye lori kwa bei yoyote.

Stakabadhi ya basi nayo isomwe upande wa nyuma, ambako huchapishwa masharti kuhusu fidia. Aliyetaja kifurushi chake kuwa ni nguo ili alipe kidogo atapata tabu kudai kwamba kilikuwa kompyuta.

Nani anapaswa kulipa nauli yenyewe? Kwa watumishi wa umma, uhamisho uliotokana na uamuzi wa mwajiri huambatana na malipo ya usafiri wa mtumishi, familia na mizigo, ilhali aliyeomba kuhama mwenyewe hujigharimia. Ugumu ni kwamba fedha hizo mara nyingi huchelewa, na madai ya uhamisho ya walimu yamekuwa wimbo wa kila mwaka. Stakabadhi za lori, hata za lori la viazi, zitunzwe kwa siku ambayo madai yatahakikiwa.

Kwa sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inasema mfanyakazi ambaye mkataba wake umekoma mahali tofauti na alikoajiriwa arejeshwe na mwajiri. Mwajiri anaweza kumsafirisha pamoja na vitu vyake, kumlipia usafiri, au kumpa posho ya usafiri. Hapo ndipo penye ujanja: posho hiyo inatakiwa tu isipungue nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na alikoajiriwa, na nauli ya basi haibebi kabati. Lakini kifungu hichohicho kinataja pia posho ya kujikimu kwa siku zilizopo kati ya kukoma kwa mkataba na kusafirishwa. Mfanyakazi aliyeachishwa na kuachwa mjini miezi kadhaa akisubiri nauli ana dai ambalo wengi hawalifahamu, na mahali pa kulipeleka ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Malipo ya lori kwa desturi hugawanywa, sehemu wakati wa kupakia kwa ajili ya mafuta na iliyobaki wakati wa kushusha. Ile ya pili itolewe baada ya vipande kuhesabiwa kwa orodha, mchana, na kabla utingo hajafunga mlango wa bodi.